Skii imegonga jiwe? Usiitupe, noa mwenyewe nyumbani

Wiki iliyopita niliweka picha ya skii za mtumba nilizozipata hapa Innsbruck, Austria, mdau mmoja akasema hizo zimeshakufa, kingo zote zimeliwa. Wengine wakauliza kingo ndiyo nini. Basi leo nawapa darasa, tena bure.

Skii ni vile vibao viwili virefu vya kutelezea kwenye theluji. Chini vina plastiki laini, na pembeni kote kuna utepe wa chuma, unene wake milimita 2 hivi. Huo ndio ukingo, na ndiyo breki na usukani wako. Ukilaza skii kwa ubavu, chuma kinauma barafu, unakata kona. Makali yakiisha unaserereka tu mpaka ukutane na mti au mtu. Zamani skii zilikuwa mbao tupu. Aliyekuja na wazo la kuzifunga vipande vya chuma pembeni ni Rudolf Lettner wa Salzburg, miaka ya 1920.

Kwa wale wa Nairobi watakaonikumbusha Philip Boit wa Nagano 1998: yule alikimbia ile ya masafa marefu, na skii za mashindano yale kwa kawaida hazina ukingo wa chuma. Ila Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia huku Austria, alishuka milima kule Pyeongchang 2018. Huko bila makali hufiki chini salama.

Sasa kwa nini nyumbani? Shule nyingi za huku hupeleka watoto mlimani wiki nzima kujifunza, na binamu yangu zamu yake imefika. Nauli, chakula, nguo, kiatu, vyote hela. Mama mdogo anahesabu kila euro. Skii za mtumba zinapatikana kwa bei poa, lakini nyingi zimeshapita kwenye mawe. Ukijua kuzinoa, mtoto anaenda na wenzake, tena salama.

Haya, tuje kwenye jiwe lenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Skii ikigonga jiwe kwa kasi, chuma kinapata moto mkali kwa nukta moja, halafu theluji inakipoza hapo hapo. Mnamjua mhunzi anavyochoma panga likawa jekundu akalizamisha kwenye maji? Ni yale yale. Pale palipogongwa panakuwa pagumu kuliko chuma kingine, na pembeni panaota vinundu. Ukipeleka tupa moja kwa moja, inateleza. Ukikandamiza, meno ya tupa yanaisha na kile kidonda kipo vile vile. Kwa hiyo jiwe la kunolea kwanza, tupa baadaye.

Vifaa: jiwe la almasi (si almasi za Mwadui jamani, ni kibao kidogo chenye unga wa almasi za kiwandani), tupa yenye meno madogo, kishikio cha digrii cha kushikilia tupa ikae pembe moja, kalamu ya maka, kitambaa, na glovu. Ukingo ukishanolewa unakata ngozi vizuri tu.

1. Funga vile vichuma vya breki kwa mpira ili visikuzuie. Bana skii kwenye jiliwa kwa ubavu, ukingo unaotaka kunoa uwe juu. Weka kitambaa usiivunje.

2. Pitisha kitambaa cha pamba taratibu kwenye ukingo. Kinaponasa, ndipo palipo na kidonda. Weka alama.

3. Lowesha jiwe la almasi, sugua pale penye alama tu, mpaka kinundu kiishe na usikie laini. Usiwe na haraka.

4. Paka maka ubavu wa ukingo, kutoka pua hadi mkia. Weka tupa kwenye kishikio. Skii nyingi za kawaida ni digrii 88, yaani umepunguza 2 kwenye 90. Vuta upande mmoja, usiende mbele na nyuma kama unapiga msumeno. Angalia wino: ukifutika sawasawa, pembe ni sahihi. Ukibaki juu au chini, rekebisha kishikio. Futa vumbi la chuma kila mara lisikwaruze plastiki.

5. Rudia jiwe la almasi, safari hii ukingo wote, kulainisha na kuondoa vile vinyuzi vya chuma vilivyoachwa na tupa.

6. Jaribu kwa ukucha: ukivuta ukucha kukatiza ukingo, ukatoka unga mweupe kidogo, makali yapo. Halafu punguza makali kidogo sana puani na mkiani ili skii isinase hovyo, hasa kwa anayeanza.

Ukingo wa upande wa chini, ule unaotazama theluji, usiupige tupa kabisa. Pale pembe ni nusu digrii hadi digrii moja tu, na ukizidisha huwezi kurudisha mpaka skii nzima isagwe upya kwa mashine.

Na kama kuna shimo dogo limebaki, liache. Msihangaike kufuta kila kovu, kwa sababu chuma hiki si ukucha, hakioti tena. Kila ukipitisha tupa unapunguza umri wa skii. Ila ukiona ukingo umepasuka, umepinda nje au umeachana na kibao, hapo hakuna cha tupa wala jiwe. Peleka kwa fundi, na akisema haifai, mwamini. Usimpe mtoto.

Ukimaliza kausha vizuri. Kutu inapenda skii zilizolala na maji kwenye mfuko. Mwisho wa msimu paka nta mpaka juu ya kingo, weka sehemu kavu, mwakani utanishukuru.

Wadau wa Oslo, Toronto na kwingineko kwenye baridi, nyie mnatumia digrii ngapi? Na mafundi wa nyumbani mnaonoa mapanga, mna mbinu gani ya chuma kilichokaza? Mwageni maoni hapo chini, msome na kuondoka kimya kimya kama mmekwisha dakika za kafe, teh teh!