Mtoto anaota meno? Usikimbilie kung'oa



Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea hapa kambini. Ukinitazama ninapocheka utaona pengo upande wa juu. Halikutokana na kuanguka. Nilipokuwa na miezi saba nyumbani Kivu, niliharisha na kuchemka mwili. Majirani wakamwambia mama kuwa nina "meno ya plastiki". Mzee mmoja akaletwa, akachimba ufizi wangu kwa spoki ya baiskeli. Mama anasema damu ilitoka usiku mzima na kunyonya nilishindwa. Nilipona kwa bahati. Jino la chonge halikuota tena mpaka leo.

Ninakusimulia haya kwa sababu bado ninasikia habari hizo ninapopita nyumba kwa nyumba.

Meno huota lini?

Watoto wengi huota jino la kwanza wakifika miezi 6 hivi. Wengine huanza miezi 4, wengine hukaa hadi mwaka mmoja. Kwa kawaida hutangulia meno mawili ya mbele chini. Chonge huja baadaye, karibu na miezi 16 hadi 23. Mtoto akifika miaka mitatu huwa na meno 20.

Jino likikaribia kutoka utaona udenda mwingi, ufizi mwekundu uliovimba, mtoto anatafuna vidole na kila anachoshika. Usiku analialia, mchana anataka kubebwa tu. Mwili unaweza kupata joto kidogo. Hali hiyo hudumu siku chache kwa kila jino, kisha hupita.

Lakini homa kali, kuharisha sana na kutapika havitokani na meno. Basi kwa nini huja wakati huo huo? Fikiri mwenyewe. Miezi 6 ndipo mtoto anapoanza uji, na kikombe au maji yakiwa machafu anapata vijidudu. Anaanza kukaa na kutambaa, anaokota vitu vya chini na kuvitia mdomoni. Kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama inapungua. Na mbu wa malaria hamngojei amalize kuota meno. Ukisema "ni meno tu", malaria inapata nafasi ya kumuua mtoto.

Meno ya plastiki hayapo

Wengine huyaita meno ya nailoni. Imani hii iko kwetu Kongo, iko Burundi, Uganda na hapa Tanzania pia. Ukifungua mdomo wa mtoto mchanga, mahali pa chonge pametuna na pana weupe. Hapo ndani pamelala jino changa la kweli ambalo halijakomaa. Kila mtoto analo, mzima na mgonjwa. Anayelichimba anamtolea mtoto jino lake, na anaweza kuharibu hata lile la ukubwani lililo karibu nalo.

Utaniambia: "Lakini wa jirani alipona baada ya kung'olewa." Kuharisha kwingi huisha kwenyewe baada ya siku kadhaa. Mtoto angepona bila kuchimbwa, ila sifa anapewa mng'oaji. Wale waliokufa kwa kutokwa damu, kwa pepopunda au kwa kidonda kuoza hawasimuliwi sana. Na chuma kilichopita katika midomo ya watoto wengi kinaweza kupitisha virusi vya UKIMWI.

Msaidie hivi nyumbani

1. Nawa mikono kwa sabuni, kisha msugue ufizi taratibu kwa kidole. Fanya hivyo pia kabla ya kumnyonyesha, asije akakuuma.
2. Chukua kitambaa safi, kichovye katika maji yaliyochemshwa yakapoa mtungini, kikamue, umpe atafune wewe ukiwa karibu.
3. Endelea kumnyonyesha kila anapotaka. Aliyeanza kula mpe uji uliopoa. Wa moto unamwumiza.
4. Mfute udenda mara kwa mara, kidevu na shingo visipate vipele.
5. Akizidi kulia kwa maumivu, uliza kituoni kuhusu parasetamoli. Kipimo hutegemea uzito wake. Usikisie.

Usimpe aspirini. Usimpake pombe, mafuta ya taa wala dawa ya kutia ganzi. Asali asipewe kabla ya kutimiza mwaka. Usimfunge ushanga shingoni, unaweza kumkaba. Na usinunue sokoni dawa ya maji ya "meno" usiyojua ilikotoka. Nchini Nigeria, mwaka 2008 na mwanzoni mwa 2009, watoto zaidi ya 80 walikufa kwa sababu ya dawa ya meno ya watoto iliyokuwa na sumu ndani.

Na wewe unayembeba?

Kukesha na mtoto anayelia kunachosha, hasa kama kesho una foleni ya maji au mgao. Ukiona hasira inapanda, mlaze chali mahali salama, toka nje kidogo, pumua, kisha rudi. Kamwe usimtikise mtoto. Ubongo wake unaweza kuumia. Baba, hapa usijifiche. Mpokee mtoto, mzungushe, mama apate usingizi japo saa moja. Bibi naye ana mgongo wa kubembelezea.

Lini uende kituoni?

Nenda siku hiyo hiyo mtoto akiwa na homa, yaani mwili wa moto au nyuzi 38 na zaidi. Atatobolewa kidole apimwe malaria. Akiharisha, anza kumpa maji ya ORS: pakiti moja katika lita moja ya maji safi, na yanayobaki baada ya saa 24 uyamwage. Kituoni atapewa pia zinki ya siku 10 hadi 14. Imalize hata kama ameacha kuharisha.

Usingoje asubuhi ikiwa hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, anapumua kwa shida, au amelegea na haamki. Kama amekwisha chimbwa ufizi, mlete pia haraka. Hatutakugombeza. Tunataka kuzuia damu na kumtibu.

Mama yangu hakuwa mjinga wala mkatili. Alinipenda, akafuata alichoambiwa, na kituo kilikuwa mbali. Wewe umekwisha kusoma haya. Jirani asiyejua kusoma msomee leo, kabla mtu mwingine hajamtangulia na spoki.