Nilitaka Weusi Wangu Urudi Kabla ya Sendofu

Miezi mitatu kabla ya sendofu yangu nilikuwa na kichwa cha kijani. Msinicheke, wadada. Nawasimulia kwa sababu najua kuna mwenzangu anasoma hapa huku kopo la rangi liko mkononi.

Yalianza Desemba. Nilipandishwa cheo kazini, nikajipongeza kwa kwenda saluni kutiwa rangi ya dhahabu. Nikapendeza, sijisifu. Mchumba wangu alisema tu, "Mh, leo natembea na simba," yakaisha. Ila Machi shangazi yangu akaja kutoka Tanga kuanza maandalizi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yako kichwani kwangu. "Mwanangu," akasema, "siku ya kukuaga nataka nikutambue."

Jumamosi hiyo hiyo nikaingia saluni moja karibu na ofisi, wakanipaka rangi ya hudhurungi iliyokoza juu ya ile dhahabu. Kuosha, kukausha, loo! Kijani. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba nywele zetu nyeusi zina wekundu mwingi ndani yake. Blichi ikishauondoa, inabaki njano. Rangi ya hudhurungi nayo mara nyingi ina ubuluu ndani, na buluu juu ya njano mnajua inazaa nini. Ilitakiwa kwanza nirudishiwe wekundu, rangi ya shaba hivi, ndipo nipakwe ile iliyokoza.

Mchumba alipofungua mlango akacheka. Nikalia. Siku mbili hatukusemeshana, na katika siku hizo mbili ndipo nilipofanya ujinga wangu mkubwa. Nikanunua dawa ya kuondoa rangi, ile yenye harufu ya yai viza, nikajipaka mwenyewe bafuni. Kijani kikatoka, kweli. Weusi haukurudi! Nikabaki na njano ya mabua. Nikaona basi, kesho nitie dawa ya kulainisha, angalau zinyooke, maana chini zilishaota ngumu.

Mchumba alinikuta nakoroga. Hakupiga kelele. Akachukua lile kopo, akalisoma, akasema, "Twende kwanza kwa mtu anayejua." Akanipeleka Sinza kwa msusi mmoja mtu mzima, akakaa kwenye benchi katikati ya wanawake wenye draya kichwani saa tatu nzima. Hapo nilimsamehe kile kicheko.

Yule mama akachukua unywele wangu mmoja, akaulowesha, akauvuta taratibu. Ukanyumbuka kama bigijii, ukakatika. "Dada, ukitia dawa hapa, sendofu utaenda na kilemba."

Ndiye aliyenifundisha haya. Rangi ya kudumu ina amonia inayofungua magamba ya unywele na peroksaidi inayong'oa rangi yako ya asili, kisha inajaza ile uliyonunua. Dawa ya kuondoa rangi inatoa ile iliyojazwa tu. Ile uliyozaliwa nayo ikishang'olewa, unywele huo hauipati tena, hata ufanyeje. Inakuja na unywele mpya, karibu sentimita moja kwa mwezi. Na blichi na dawa ya kulainisha zote mbili zinavunja viungo vinavyoupa unywele nguvu. Ukizifuatanisha, unajinyoa polepole. Nikamuuliza kuhusu jiki, maana jirani alinishauri. Akanitazama kama mgonjwa. Jiki ni ya mashuka, inaunguza ngozi.

Akapunguza zile zilizokufa, nikabaki na kama vidole vinne. Hakunitia rangi siku hiyo. Wiki mbili nzima ilikuwa kondishena, mafuta ya nazi na kitambaa cha satini usiku, hakuna draya, hakuna kusuka kwa kukaza. Aliporidhika ndipo akanipaka shaba, kisha hudhurungi nyeusi isiyo na amonia, ile inayopauka kidogo kidogo kadiri unavyoosha, wakati nywele zangu halisi zinapanda kutoka chini. Kabla ya hapo alinidondoshea tone nyuma ya sikio na kuniambia nirudi baada ya saa 48. Mimi mwenye haraka zangu nilinuna, lakini nilirudi.

Sendofu ilikuwa Juni. Nilivaa nywele fupi zilizosokotwa, nusu zangu, nusu za rangi, na taa za ukumbini hazikuweza kuzitofautisha. Shangazi alizipapasa, akaguna, akaendelea kupanga khanga zake. Ncha za mwisho zenye rangi nilizikata mwaka uliofuata, mume wangu ndiye aliyeshika kioo.

Sasa zamu ni yake. Ameota mvi ndevuni na wiki iliyopita alirudi na pakiti ya piko. Nikamwambia piko nyingi zina kemikali iitwayo PPD, na wapo watu uso unawavimba mpaka macho yanafumba. Akabisha kidogo, akaniita msusi wa Sinza. Tangu jana asubuhi anakwenda kazini na doa jeusi nyuma ya sikio. Saa 48 zinaisha kesho.