Kidonda Kisichouma Ndicho cha Kuogopwa

Binadamu amezoea kulipima jeraha kwa maumivu yake. Likiuma, hutafuta dawa. Lisipouma, huliacha lijiponee. Mazoea hayo ndiyo yanayowaponza wagonjwa wa donda la Buruli, maradhi ya ngozi ambayo kwa miaka mingi hayakushughulikiwa ipasavyo.

Jina hilo latokana na eneo la Buruli nchini Uganda, karibu na mto Nile na ziwa Kyoga, ambako wagonjwa wengi walionekana katika miaka ya 1960. Lakini maradhi yenyewe ni ya zamani zaidi. Mwaka 1897 Daktari Albert Cook wa hospitali ya Mengo, Kampala, aliandika habari za vidonda vya namna hiyo, na mwaka 1948 wataalamu wa Australia walikieleza kijidudu kinachovileta. Kijidudu hicho ni cha ukoo mmoja na vile vya kifua kikuu na ukoma. Hustawi katika joto la digrii 29 hadi 33, ambalo ni pungufu ya joto la ndani ya mwili. Ndiyo maana hushambulia ngozi, hasa ya mikono na miguu.

Mwaka 1999 watafiti waliitambua sumu yake, maikolaktoni. Sumu hii huua nyama iliyo chini ya ngozi, hudhoofisha kinga ya mwili, na tena huzuia maumivu. Huanza kivimbe kidogo tu. Ngozi inapofumuka, chini yake kumekwisha kuliwa. Barani Afrika, karibu nusu ya wagonjwa ni watoto wasiozidi miaka 15.

Zamani tiba ilikuwa kisu. Siku hizi Shirika la Afya Duniani hupendekeza dawa mbili, rifampisini na klarithromaisini, kwa majuma 8. Anayewahi aghalabu hupona kwa dawa hizo. Anayechelewa huenda akahitaji upasuaji na kulazwa kwa miezi, na pengine kubaki na kiungo kilichokakamaa.

Huko wodini hungoja hatari ya pili. Donda lililo wazi kwa muda mrefu ni mlango wa vijidudu vingine. Uchunguzi wa Ghana uliochapishwa mwaka 2013 ulivikuta vijidudu hivyo, stafilokoka wakiwamo, katika madonda ya Buruli, na baadhi havikusikia dawa za kawaida. Njia yao kubwa hospitalini ni mikono ya wanaohudumia wagonjwa. Daktari Ignaz Semmelweis alilionyesha jambo hilo huko Vienna mwaka 1847: madaktari walipoanza kunawa kwa maji ya klorini, vifo vya wazazi wodini vilipungua sana.

Donda la Buruli huonekana zaidi kandokando ya mito na vinamasi, lakini funzo lake lahusu kila kidonda kisichopona. Kwa mkazi wa Chovai na visiwa vingine vya Wabajuni, kwenda hospitali ya Kismayu ni safari ya bahari, yenye kungoja upepo na kutafuta nauli. Ni rahisi kusema kidonda kingoje, maadamu hakiumi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi mzazi aonapo kivimbe au kidonda kisichopona mwilini mwa mwanawe, amfikishe kwa mganga mapema. Naye anayekifunga anawe mikono kwa sabuni, kabla na baada.