Kwa Rwanda, Sera ya Biashara Huanzia kwa Jirani

Anayetaka kuielewa sera ya biashara ya nje ya Rwanda na aanze na ramani. Nchi hii ina kilomita za mraba 26,338, watu zaidi ya milioni 13, na haina bahari. Kontena la kwenda Kigali hushushwa Mombasa, likavuka mpaka wa Malaba na kupita Uganda hadi mpaka wa Gatuna. Au hushushwa Dar es Salaam likakata Tanzania yote hadi mpaka wa Rusumo. Kwa vyovyote vile, lori litatembea karibu kilomita 1,500 au zaidi kabla ya mzigo kufika. Sisi tulio ughaibuni tunaotuma mizigo nyumbani tunajua jinsi gharama za nchi kavu zinavyoweza kuumiza kuliko nauli ya meli. Kwa hiyo ninashikilia jambo moja: Rwanda ilifanya vyema kujiunga na jumuiya nyingi na kutia saini mikataba mingi, lakini yaliyotokea tangu mwaka 2007 yanaonyesha kwamba kwa nchi ndogo isiyo na bandari, uhusiano na jirani ndio sera yenyewe ya biashara. Ushuru na mikataba huja baadaye.

Mwaka 2007 Rwanda ilijitoa katika jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Afrika ya Kati, na Julai mwaka huohuo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na Burundi. Mwaka 2009 ikaanza kutumia ushuru wa pamoja wa forodha: asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa za kati na 25 kwa bidhaa zilizokamilika, na kiwango cha nne cha asilimia 35 kiliongezwa mwaka 2022. Faida iliyo wazi zaidi ilikuja na Himaya Moja ya Forodha mwaka 2014. Kodi ikawa inalipwa kabla mzigo haujaondoka bandarini, na lori halikulazimika tena kuanza taratibu upya kila mpaka. Safari ya Mombasa hadi Kigali, iliyokuwa ikichukua wiki tatu hivi, ilishuka hadi karibu wiki moja. Hapa majirani hawakuipa Rwanda msaada wa fedha. Walikubaliana tu kuaminiana nyaraka, na hilo peke yake likawa na thamani kubwa.

Kwa nini basi Rwanda haikutosheka na njia moja? Jibu liko Januari 2008. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya yalifunga barabara ya Mombasa, na mafuta yakaadimika Kampala na Kigali. Tangu hapo umuhimu wa njia ya Dar es Salaam umezidi kuonekana, na leo sehemu kubwa ya mizigo ya Rwanda hupitia huko. Hamu hiyohiyo ya kupanua masoko ndiyo iliyofanya Kigali iwe mwenyeji wa utiaji saini wa mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Afrika, Machi 21, 2018, ambapo nchi 44 ziliweka saini siku hiyo. Lakini kuwa ndani ya jumuiya pia ni kutembea kwa mwendo wa wenzako. Mwaka 2016 Rwanda na Kenya zilitia saini mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya, Tanzania ikakataa, na mkataba wa jumuiya nzima ukakwama. Kenya baadaye ilipata mkataba wake yenyewe, ulioanza kutumika Julai 2024.

Wapo wanaosema kwamba nchi ndogo haina uwezo wa kulinda viwanda vyake, na huitaja mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliafikiana kuondoa mitumba hatua kwa hatua, na Rwanda ikapandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Chama cha wafanyabiashara wa nguo hizo Marekani kililalamika kwa serikali yao. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikabaki peke yake, na Julai 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu ya kuingia Marekani bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Naona Rwanda ilikuwa na haki, na iliweza kustahimili kwa sababu mauzo yake ya nguo Marekani yalikuwa madogo. Lakini kiwanda cha nguo hukua kwa wingi wa wateja, na wateja hao wako Kampala, Nairobi na Mwanza. Uamuzi uliokuwa wa jumuiya ulipogeuka kuwa wa nchi moja, soko la kukifaidisha kiwanda hicho lilipungua pia.

Ushahidi mzito zaidi uko mipakani. Februari 2019 Rwanda ilifunga mpaka wa Gatuna, ikaituhumu Uganda kwa kuwakamata raia wake na kuwahifadhi wapinzani wake. Uganda nayo ikailaumu Rwanda kwa ujasusi. Mpaka ulifunguliwa tena Januari 31, 2022, baada ya karibu miaka mitatu. Muda wote huo nchi zote mbili zilikuwa katika soko la pamoja kwa mujibu wa sheria, na mauzo ya Uganda kwenda Rwanda yaliporomoka vilevile. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, mnunuzi mkubwa wa bidhaa zinazopita Rwanda, iliingia jumuiya mwaka 2022, wakati vita vya kundi la waasi la M23 vilikuwa vimeanza upya. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamesema mara kadhaa kwamba Rwanda inaliunga mkono kundi hilo, nayo Kigali inakana. Mwanamke wa Gisenyi anayebeba nyanya na unga kuvuka mpaka kwenda Goma, Congo, hana kauli katika ugomvi huo, ila hasara ni yake.

Wengine hujibu kwamba Rwanda inaweza kuwaruka majirani kwa ndege, mikutano ya kimataifa na huduma za kidijitali. Ni hoja nzuri kwa sehemu, kwani huduma hazihitaji lori. Lakini saruji na mbolea haziendi kwa ndege, na hata anga ina mwenyewe: Februari 2025 Congo ilizifungia anga yake ndege zilizosajiliwa Rwanda, na RwandAir ikalazimika kuzunguka. Hoja nyingine ni kwamba usalama hutangulia biashara. Hilo nalikubali. Ninachokataa ni mpaka kufungwa bila kikomo, bila maelezo, na bila yeyote kuwajibika kwa hasara.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mahakama na baraza la mawaziri Arusha. Iongeze kanuni moja iliyo wazi: nchi inayofunga mpaka ijieleze mbele ya baraza ndani ya siku chache zilizowekwa, na chakula, dawa na biashara ndogondogo za wanaoishi mpakani viendelee kupita. Rwanda, iliyo ndogo na inayowategemea majirani kufika baharini, ndiyo yenye sababu kubwa zaidi ya kuidai kanuni hiyo. Na ili isikilizwe inapoidai, lazima kwanza ikubali kubanwa nayo yenyewe, Gatuna na Goma pia.