Nishani za Idi Amin

Mtaje Idi Amin penye benchi la kahawa, iwe Bukoba au Kariakoo, na mazungumzo yataanzia kifuani mwake, kwenye zile nishani zilizolemea koti. Mmoja atakumbusha kwamba alijitangaza mshindi wa Dola ya Uingereza. Mwingine ataleta ile simu ya maandishi aliyompelekea Mwalimu Nyerere, kwamba angekuwa mwanamke angemuoa licha ya mvi zake. Watu watacheka, kisha hukumu itatoka: jamaa alikuwa hakusoma, na alipenda mno sifa. Mada imekwisha.

Mimi naona ndiyo kwanza inaanza. Wapenda sifa ni wengi, na wengi wao hawajaua mtu. Tujiulize sifa za Amin zilifanya kazi gani Uganda, na nani alizigharamia.

Alipoipindua serikali ya Milton Obote, tarehe 25 Januari 1971, alisema yeye ni askari, siasa hazimhusu. Mwaka 1975 alijipa cheo cha juu kuliko vyote jeshini. Mwaka uliofuata akawa Rais wa Maisha. Katikati ya hayo, wenye uwezo wa kumwambia hapana walikuwa wakiondolewa. Septemba 1972 askari walimchukua Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka katika Mahakama Kuu, Kampala, mchana kweupe, na hakurudi. Februari 1977 ilikuwa zamu ya Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyethubutu kulalamikia mauaji. Serikali ilitangaza kwamba amekufa kwa ajali ya gari.

Lakini cheo hakilishi jeshi. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na maduka na viwanda vyao vikagawiwa askari na wapambe. Waganda waliwaita matajiri hao wapya mafuta mingi. Maduka yalipokauka, ndege ziliendelea kuleta wiski na bidhaa za anasa kwa maofisa kutoka uwanja wa Stansted, Uingereza, na aliyelipa alikuwa mkulima wa kahawa. Hapa ndipo majivuno yake yanapoeleweka. Mtawala anayejivika cheo mwenyewe anawaonyesha walio chini yake kwamba cheo hakitokani na kazi wala sheria, kinatoka mkononi mwake. Aliyepokea duka la mtu aliyefukuzwa anajua kwamba siku mkono ule ukiondoka, na duka litaondoka. Basi atamsifu, na atamlindia kiti hata kwa damu.

Nje ya Uganda walicheka pia. Mwaka 1975 wafanyabiashara wa Kiingereza walimbeba mabegani akiwa juu ya kiti, na picha ile ikazunguka dunia. Mwaka huohuo marais wa Afrika walikutana Kampala, akawa mwenyekiti wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Nyerere alikataa kwenda, na alikuwa sahihi.

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuteka ardhi yetu iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Wanavijiji waliuawa, ng'ombe wakaswagwa, na yeye akapendekeza amalizane na Nyerere kwenye ulingo wa ndumi, Muhammad Ali akiwa mwamuzi. Pendekezo hilo tunalikumbuka kuliko majina ya vijiji vilivyochomwa, na jambo hili linaniuma. Tanzania ilirudisha mapigo, na Kampala ikakombolewa tarehe 11 Aprili 1979. Wengi wa askari wetu waliokufa wamelala Kaboya.

Waliouawa Uganda chini ya utawala wake wanakadiriwa kuwa kati ya 80,000 na 300,000. Amin mwenyewe alifia Jeddah tarehe 16 Agosti 2003, bila kusimama mbele ya hakimu. Wazee wa Kyaka na Minziro waliokimbia na watoto mgongoni, wengine bado wapo. Waulizeni wao kwanza. Nishani mtazisimulia baadaye.