Mbegu ya Uchagani na Mbegu ya Pakiti

Marufuku ya mazao ya GMO, iliyowekwa nchini mwaka 2012, iliondolewa na Baraza la Mawaziri Oktoba 2022. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha tena uagizaji na ukuzaji wake hadi rufaa isikilizwe. Hayo tunawaachia mawakili. Sisi tunamtazama mama wa Kilifi mwenye ekari moja, na mbegu zake za mdzihana alizozihifadhi uchagani, juu ya meko, ili moshi uzikinge na fukusi.

Je, mahindi ya Bt yana la kumfaa? Yanalo. Yametiwa jeni ya bakteria wa udongoni (wala si ya mnyama, kwa wanaouliza uhalali wake), nayo huufanya mmea wenyewe uwaue viwavi na mabungua wanaoutafuna. Anayeyapanda hupunguza kupiga dawa, kazi ambayo aghalabu hufanywa bila glavu wala barakoa. Faida hiyo si ya kubezwa.

Lakini tuwatazame wenzetu wa Burkina Faso. Walianza kulima pamba ya Bt kibiashara mwaka 2008. Kupiga dawa kukapungua kutoka mara sita hivi kwa msimu hadi mara mbili, na mavuno yakaongezeka. Kisha nyuzi zikatoka fupi, pamba yao ikapoteza sifa sokoni, na kufikia 2016 wakawa wanaiacha. Huko Afrika Kusini nako, mabungua wakawa sugu. Ndiyo maana wataalamu humtaka mkulima atenge sehemu ya shamba kwa mahindi ya kawaida, wadudu wasizoee sumu. Mwenye ekari moja atatenga ipi?

Linalotushughulisha zaidi ni mbegu yenyewe. Kweli, hata chotara za kawaida hununuliwa kila msimu. Mdzihana, hata hivyo, mama humpa binti, na jirani humgawia jirani. Tena mahindi huchavushwa kwa upepo. Chavua ya shamba la pili haibishi hodi. Mbegu ya mama huyu ikishachanganyika, nani atamrudishia ile ya asili?

Basi dada zetu wakulima, siku pakiti hiyo itakapoletwa kijijini, mwulizeni bwana shamba bei yake msimu wa pili itakuwa ngapi, na mvua ikikosa, hasara itakuwa ya nani. Mmea huo humzuia kiwavi, ukame hauuzuii.