Kinamasi Kando ya Mto Ngong: Kweli au Uongo?

Ukivuka Mto Ngong hapa Industrial Area, Nairobi, kuelekea mtaa wa Mukuru, utaona sukuma wiki, nduma na majani ya ng'ombe yamestawi kando ya maji meusi. Mtu akipendekeza kinamasi kirudishwe hapo, ubishi huanza. Hoja zenyewe umeshazisikia.

"Kinamasi ni ardhi isiyo na kazi." Uongo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wachumi walikadiria kwamba kinamasi cha Nakivubo, Kampala, kinafanya kazi ya kusafisha majitaka yenye thamani ya dola milioni 1 hadi 1.75 kwa mwaka, kabla maji hayajafika Ziwa Victoria.

"Kinamasi huleta malaria." Uongo kwa sehemu kubwa. Mbu hatari zaidi wa malaria, Anopheles gambiae, hupendelea vidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua. Kule Kabale, Uganda, watafiti walilinganisha vijiji vilivyo kando ya vinamasi vya mafunjo na vile ambavyo vinamasi vyake vimelimwa. Palipolimwa palikuwa na joto zaidi, na vipimo vya malaria vilielekea juu, si chini. Mafunjo mazito huyatia maji kivuli.

"Mafunjo husafisha kila uchafu." Uongo, na huu ndio unaonitia hofu. Matete na mafunjo hupunguza kasi ya maji, matope yakatua, na mizizi yake hunyonya nitrojeni na fosforasi. Lakini risasi na kadimi za viwandani haziozi. Hubaki kwenye tope, na nduma humea humo humo, kisha huuzwa sokoni. Tazama bwawa la Nairobi Dam, juu ya mto huu huu, lililojengwa 1953: uchafu uliachwa uingie, likajaa tope na gugu maji. Kinamasi kipya kikiwekwa chini ya bomba la kiwanda kitageuka ghala la sumu.

"Maji hufuata mkondo." Kweli tupu, wazee hawakukosea. Mvua za Aprili na Mei 2024 zilipoleta mafuriko Mukuru, maji yaliingia mle mle mto ulimonyimwa nafasi. Serikali ikaamuru watu waondoke mita 30 kutoka kingo, na nyumba zikabomolewa.

"Mkulima ndiye anayeumia." Kweli, na wapenzi wa mazingira huipita hoja hii haraka mno. Kinamasi kikirudishwa na mafuriko yakipungua, anayefaidika ni mpangaji na mwenye kiwanda. Anayepoteza mboga za kila wiki ni mama anayelima ukingoni bila hati, na asiye na hati ni vigumu kudai fidia. Hasara hiyo inaweza kupunguzwa: matete hukatwa yakalishwa ng'ombe, mafunjo yakasukwa mikeka, mradi maji yawe safi.

Basi ukiitwa kwenye baraza la mto, usitoke kabla ya kujibiwa maswali mawili: bomba la nani litazibwa kwanza, na mkulima atalipwa nini?